Naomba ushauri: miti ya mapambo, au migomba na mitende kwenye bustani ya baridi?

Chipukizi: Wakuu, bustani ina mita 8 kwa 10, udongo ni mfinyanzi unaotuamisha maji, na usiku wa baridi kali hufika nyuzi 12 chini ya sifuri. Nipande miti ya mapambo au mimea ya sura ya kitropiki? Naiona dirishani mwaka mzima.

Mtunza Kitalu: Kama unaiona mwaka mzima, anza na mti. Mgomba ukipigwa na jalidi (umande ulioganda) majani hunyauka yote, lakini mti wa mapambo kama Acer griseum hata ukipukutisha unabaki na gome linalobambuka, rangi ya mdalasini. Baridi yako hiyo hauioni kitu.

Shimo liwe pana mara 2 hadi 3 ya donge la mizizi, kina kisizidi donge lenyewe. Pale shina linapotanuka kuelekea mizizini pasifukiwe kabisa. Gome likifukiwa hukaa na unyevu, huoza, na mti hudhoofika polepole miaka kadhaa bila mtu kujua sababu. Mboji usiijaze shimoni; kwenye mfinyanzi shimo hugeuka bakuli la maji. Itandaze juu, sentimita 5 hadi 8, isiguse shina.

Jani Pana: Mti sawa, ila mgomba usiuhukumu hivyo. Mgomba wa aina ya Musa basjoo shina lake likifa, tunguu lake la ardhini lililofunikwa vizuri huchipua tena. Ukitaka kuokoa na shina, subiri jalidi ya kwanza iunguze majani, yakate, zungushia wavu wa kuku, shindilia nyasi kavu, kisha funika juu tu mvua isiingie. Pembeni paachwe papumue. Nyasi zikilowa, shina huoza hata kama baridi si kali.

Mtende, chukua Trachycarpus fortunei, uupande jalidi za mwisho zikishapita ili mizizi ishike kabla ya baridi. Mtende mchanga haujakomaa kuvumilia nyuzi hizo. Siku za baridi kali funga majani yake juu kwa kamba, maji yasigande kwenye moyo, yaani chipukizi la katikati. Cordyline australis iache, inafanana na mtende lakini hiyo −12 itaiunguza hadi chini.

Chipukizi: Asanteni. Vyunguni je?

Mtunza Kitalu: Chunguni baridi huingia mizizini kutoka kila upande, kwa hiyo mmea unaostahimili −12 ardhini hapo hauwezi. Kwanza pima udongo: chimba sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena. Yakilala humo siku nzima, inua tuta la sentimita 30 kwa mtende na mgomba.

Jani Pana: Na chini ya mti weka Fatsia japonica, kichaka cha majani mapana, mahali pasipopigwa na upepo wala jua la asubuhi. Jani lililoganda likiyeyuka ghafla juani huungua.