Nondo za faiba jirani na bahari: zinadumu kweli?

Kiwanja_Kigamboni: Wakuu, heshima kwenu. Najenga Kigamboni, upepo wa chumvi unafika hadi mlangoni. Ukuta wa jirani una miaka michache tu lakini nguzo zimeshapasuka, kutu inachuruzika. Sasa kuna muuzaji ananishawishi nichukue nondo za faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, yaani gundi ya plastiki) kwa msingi, nguzo na slabu ya ghorofa moja. Anasema hazishiki kutu na milimita 12 ya faiba inatosha pale mchoro unapodai 16 ya chuma. Fundi wangu hataki hata kuzigusa. Nifanyeje?

ZegeMbichi: Kwenye kutu hajakudanganya. Hiyo ya 12 badala ya 16 ndiyo ikimbie. Ukiivuta mpaka ikatike, faiba inaishinda chuma, sawa. Lakini inanyumbuka karibu mara nne zaidi: kipimo cha ukakamavu wa chuma ni GPa 200, cha faiba ya kioo ni kama 45 hadi 60. Slabu yako itabonyea na kufanya nyufa pana hata kama haitaanguka. Halafu chuma kikizidiwa hurefuka kwanza, faiba hukatika ghafla.

Kuhusu kudumu, adui wake si chumvi, ni zege lenyewe. Maji yaliyo ndani ya zege yana pH ya 12 hadi 13, na alkali hiyo hula kioo. Kinachozilinda nyuzi ni rezini. Rezini ya vinilesta inavumilia, ya poliesta ya bei poa inaachia. Canada walichimbua sampuli kwenye madaraja na kwenye gati la Hall's Harbour, zege la miaka 5 hadi 8, wakakuta kioo hakijaliwa. Inatia moyo, ila kule ni baridi, na joto likichanganyika na unyevu huharakisha kuliwa huko. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani, ACI 440.1R wa 2015, ulihesabu asilimia 70 tu ya nguvu yake kwa zege la nje, na mzigo wa kudumu usizidi asilimia 20 ya hiyo iliyobaki.

FundiMbagala: Fundi wako ana hoja. Ringi, zile pete zinazofunga nondo za nguzo, atazikunjia wapi? Faiba haikunjwi saiti, na ukiipasha moto umeiua. Ringi huagizwa zimeshakunjwa kiwandani. Na zikifika zifunike turubai, jua linachubua rezini.

Kiwanja_Kigamboni: Nimempigia muuzaji kuuliza rezini gani. Kasema "ile nzuri".

ZegeMbichi: 😂 Mwambie alete cheti cha vipimo kinachotaja ASTM D7957, kiwango cha Marekani cha nondo za faiba ya kioo. Hana, achana naye.

MamaUjenzi: Mdogo wangu, ukuta wa jirani ungeuliza kwanza mchanga ulitoka wapi. Wengi huko wanazoa wa ufukweni. Chuma cha kawaida, mchanga safi, maji yasiyo na chumvi, zege lililoshindiliwa vizuri na milimita 50 za kufunika nondo: hutajuta.

Kiwanja_Kigamboni: Asante dada. Basi slabu na nguzo ni chuma. Sakafu ya chini, ile inayokaa juu ya kifusi, faiba inaruhusiwa au nayo niache?

ZegeMbichi: Hapo inafaa, ikiwa na cheti. Mhandisi apange upya nafasi kati ya nondo na nondo, usifuate zile za chuma.