Kuhakiki dripu ya potasiamu katika zamu ya usiku

Muuguzi, Mtwara:
Habari za kazi, wenzangu. Katika wodi yetu ya wagonjwa mahututi, zamu ya usiku huwa na wauguzi wawili tu, na mara nyingi mwenzangu ameshikwa na mgonjwa mwingine wakati ninapotakiwa kuanza dripu ya potasiamu. Je, inatosha nikimwonyesha hesabu yangu naye akaitikia?

Muuguzi kiongozi, Lindi:
Pole na kazi, dada. Haitoshi, kwa sababu aliyekwisha kuonyeshwa jibu huliona sahihi. Asome mwenyewe agizo la daktari, apige hesabu yake pembeni, kisha mlinganishe. Ampuli (kichupa kidogo cha dawa) ya kloridi ya potasiamu ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 15 ina takriban milimoli 20 za potasiamu (milimoli ni kipimo cha kiasi cha dawa), na kuidunga mshipani bila kuichanganya kunaweza kusimamisha moyo. Ukishaitia kwenye chupa ya dripu, igeuze juu chini mara kadhaa kabla ya kuitundika, kwani potasiamu huzama karibu na mdomo. Na kamwe usiiongeze kwenye dripu ambayo tayari inaning'inia, hata ukiwa na haraka kiasi gani.

Mfamasia, Mtwara:
Naongezea kwamba ampuli hizo zisikae kabati moja na maji ya kuchanganyia dawa, maana zinaweza kufanana mno. Insulini nayo ipimwe kwa bomba lake lenye alama za yuniti.

Muuguzi, Mtwara:
Ahsanteni sana. Nitamwomba mkuu wa wodi tuzitenganishe leo hii.