Ni siku gani Marekani ilikwambia wewe ni Mweusi? Tupeane uzoefu

Mama Rehema, Columbus, Ohio

Habari zenu wanajamvi, hasa mlioko Marekani.

Kule Tanga nilikuwa Mdigo, binti wa fundi cherehani wa Ngamiani. Neno "mweusi" nililijua kama nilivyojua "mrefu" na "mwembamba". Nimefika hapa 2007 kwa bahati nasibu ya viza. Wiki ya pili nikaenda kumwandikisha mwanangu shule, nikapewa fomu yenye visanduku vya asili. Sikuona changu, nikaandika "Mtanzania" pembeni. Karani akaichukua ile fomu, akatia tiki kwenye kisanduku cha weusi bila kuniuliza, akaendelea na kazi zake.

Siku hiyo niliambiwa. Kuelewa kulichukua miaka kumi na moja.

Nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Bibi mmoja Mmarekani mweusi, kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia, na kila nikimgeuza ananihoji: umezaliwa wapi, mama yako yu hai, unasali wapi. Usiku wa uchaguzi, Novemba 2018, akaniuliza kama nimepiga kura. Nikamjibu kwamba uraia ninao miaka mitano sasa, ila siasa za hapa hazinihusu. Akanyamaza. Kisha akaniambia nizime televisheni, nikae.

Kwao ni Lowndes County, Alabama, njia ya Selma kwenda Montgomery. Mwanzoni mwa 1965, kwenye kaunti ambayo watu 8 katika kila 10 walikuwa weusi, daftari la wapiga kura halikuwa na jina la mweusi hata mmoja. Agosti 6 mwaka huo Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura, ya kukomesha kuwazuia weusi kupiga kura. Baba yake bibi akaenda kujiandikisha. Mwenye shamba akamwambia ahame. Nyumba ya mwenye shamba, pamba ya mwenye shamba, utabishana na nini? Familia zilizotimuliwa hivyo zikawekewa mahema kando ya barabara kuu namba 80, na wapo waliokaa humo zaidi ya miaka miwili. Usiku magari yanapita, watu wanafyatua risasi kuelekea kwenye mahema. Mama yake aliwalaza watoto chini kabisa, na asubuhi maji ya ndoo yameganda juu. Alininyoshea mkono wake mzima kunionyesha kimo cha ile ndoo.

Nilikuwa nimeshika soksi yake, nimesahau kama nilitaka kumvisha au kumvua.

Akasema, "Wewe daftari liko wazi, unasema halikuhusu." Hakusema kwa hasira, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nauliza hili kwa sababu sisi tuliokuja kubeba boksi tumezoea kusema "wao" na "sisi". Nataka kusikia yenu.

Mzee wa Moshi, karibu na Atlanta, Georgia

Dada Mama Rehema, asante. Yangu ni fupi, ila huwa sipendi kuisimulia.

Tunarudi kanisani usiku, mimi na kijana wangu wa miaka 15. Taa za polisi nyuma yangu. Nikafanya kama ambavyo ningefanya Moshi: nikafungua mlango nishuke nikamsalimie afande, tuelewane. Kijana akanishika shati. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, kaa. Mikono juu ya usukani. Usiguse droo mpaka akwambie." Nikamtazama, yeye mikono yake tayari iko juu ya dashibodi, vidole vimetawanyika.

Ilikuwa taa ya nyuma imeungua. Tukapewa onyo, tukaenda zetu. Nyumbani nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema wenzake shuleni, na wao wamefundishwa na baba zao. Baba zao walijua jambo la kumfundisha mtoto ambalo mimi sikulijua. Na watoto hao wa Wamarekani weusi ndio niliokuwa nikimkataza asifuatane nao.

Mpemba wa New Jersey

Sisi kwetu ni kizungumkuti. Babu mzaa baba ametoka Oman, bibi ni Mmakunduchi. Kwa ufafanuzi wa serikali ya Marekani wa miaka mingi, mtu mwenye asili ya Mashariki ya Kati huhesabiwa Mzungu! Basi kwenye sensa ya 2020, ndugu watatu wa tumbo moja: kaka kajaza Mzungu, mimi nimejaza Mweusi, mdogo wetu kaandika "Mswahili" kwenye nafasi ya mengineyo. Machi 2024 serikali ikatangaza kundi jipya la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Kaka kafurahi. Mimi nabaki nilipo, kwa sababu mlinzi wa duka anayenifuata kwenye rafu hajui habari za Oman.

Mama Furaha, Boise, Idaho

Bandugu, mimi ni Mkongomani wa Fizi. Tulikimbia vita 1996, tukavuka ziwa, nikakaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka kumi na nane. Watoto wangu wote wamezaliwa mule.

Hapa Boise weusi ni wachache sana. Mtoto wangu wa kike alitaniwa shuleni kwa ajili ya ngozi yake na matamshi yake, na waliomtania ni weusi wenzake. Alirudi akilia. Alisema, "Mama, hata kwa weusi mimi siyo mweusi." Jibu sikuwa nalo. Hilo pia tuliseme, tusipambe.

Lakini nilisoma kwa ajili ya uraia. Wakati ule yalikuwa maswali 100 ya kukariri, ofisa aliuliza mpaka 10, na ukipata 6 ulikuwa umepita. Moja niliyoulizwa: Martin Luther King alifanya nini? Nilijibu kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba alipigania haki za raia. Ofisa aliitika tu na kuandika. Mimi moyo ulikuwa unapiga, maana jibu lile nililikariri nikiosha vyombo, na yule mtoto ndiye aliyekuwa ananisikiliza na kunirekebisha.

Novemba 2020 nilipiga kura. Nilikuwa na miaka 47. Kongo sikuwahi kupiga, Tanzania nilikuwa mkimbizi. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu mpaka mama mmoja msimamizi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

Omosh, Dallas

Nitasema ukweli ingawa hautapendeza. Niko hapa miaka ishirini, sijabaguliwa na mtu. Nimefanya kazi, nimesomesha, nimenunua nyumba. Hawa wenzetu wamezaliwa na uraia, Kiingereza chao, shule bure. Kwa nini wabaki nyuma?

Mama Rehema

Kaka Omosh, karibu, na nashukuru umesema wazi. Nina swali moja kwako: uliingiaje nchi hii?

Kabla ya 1965 viza za kuhamia hapa ziligawanywa kwa nchi. Ulaya Kaskazini walipata maelfu kwa maelfu, na nchi ya Kiafrika nafasi 100 hivi kwa mwaka. Oktoba 3, 1965, chini ya miezi miwili baada ya ile sheria ya kura, Johnson huyohuyo akatia saini sheria mpya ya uhamiaji iliyofuta mgao ule. Bunge lililoona aibu kumbagua mtu wa Alabama liliona aibu pia kumbagua mtu wa Kisumu. Hata ndege ya mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya ya 1959, ile iliyoleta wanafunzi 81 kusoma hapa, ilichangiwa kwa mwito wa Wamarekani weusi kama mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte.

Nyumba yako Dallas umeinunua kwa jasho lako, hakuna anayekunyima hilo. Ila hadi 1968 hapakuwa na sheria ya shirikisho iliyomzuia kwa vitendo muuzaji kukukatalia kwa rangi yako. Aliyedai sheria hiyo mitaani hakuwa mimi wala wewe.

Omosh, Dallas

Hilo la mgao wa viza sikulijua. Acha nilifikirie.

Mama Rehema

Haya kaka. Mzee wa Moshi, kijana siku hizi yuko wapi?

Mzee wa Moshi

Ametimiza 18 mwezi wa nne. Jumapili baada ya chakula tumejaza naye fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Ya Georgia inauliza asili. Nilivuta kiti tujadiliane, nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kuhusu Uchagga na Utanzania. Kumbe kabla sijakaa alikuwa ameshatia tiki, yuko kwenye mstari wa saini.