Mrejesho: draiva iliyokataa kupakiwa sasa imeingia

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini draiva niliyoijenga kama moduli ya kerneli ya Linux (kipande kinachopachikwa kwenye kiini cha mfumo) inajengeka bila kosa, lakini insmod (amri ya kupakia moduli) inaikataa ikidai muundo wake si sahihi. Aliyeniambia nisome dmesg (ujumbe wa kerneli) alilenga palepale: moduli ilijengwa kwa heda (faili za kujengea moduli) za kerneli ya zamani, ilhali uname -r, amri inayotaja toleo la kerneli inayotumika, inaonyesha nyingine kabisa. Nikaweka heda zinazolingana, make clean (kufuta mabaki ya ujenzi wa awali), nikajenga upya.

Bado! Safari hii ikalalamikia simboli isiyojulikana (jina ambalo moduli inalihitaji lakini kerneli haikulipata). Kumbe insmod haipakii moduli nyingine ambazo yangu inazitegemea. Nikaiweka faili ya .ko (moduli yenyewe iliyojengwa) kwenye folda ya toleo langu ndani ya /lib/modules, depmod -a (kuorodhesha moduli zipi zinategemea zipi), kisha modprobe, inayopakia moduli pamoja na zile inazozitegemea. Lsmod, amri ya kuorodhesha moduli zilizopakiwa, inaionyesha. Asanteni sana, siku tatu nilikuwa sijalala vizuri.