Majina yetu yako kwenye faili la kampuni, mnataka tuandikishe nini tena?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Sharti hili la Uganda la kuripoti "wamiliki manufaa", yaani watu halisi wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni mwisho wa yote, linatukaba sisi wenye kampuni ndogo. Nataka lifutwe kwa kampuni za aina yetu.

Kampuni yetu hapa Arua ni ya mashine ya kusaga mahindi na muhogo. Wenye hisa ni mimi, mdogo wangu anayefanya biashara Juba, na mama yetu. Basi. Majina na sahihi zetu viko kwenye faili la usajili tangu kampuni ianze. Tumeomba mkopo wa mota mpya, benki inasema haiendelei mpaka tulete karatasi ya kuonyesha kampuni hasa ni ya nani. Ya nani tena? Si ya hao watatu walioandikwa humo humo?

Tukajaza: jina, uraia, namba ya kitambulisho, anwani, simu, kazi, tangu lini umekuwa mmiliki. Tukakwama kwa mama. Kitambulisho chake cha taifa kinatofautiana herufi moja na karatasi za kampuni, maana aliyemwandikisha kule kijijini aliandika alivyosikia. Mama mzima, amevuka miaka sabini, anaambiwa akale kiapo kwa wakili kwamba yeye ndiye yeye. Wakili anataka chake. Kijana wa kujaza mtandaoni anataka chake. Mdogo wangu akafunga duka Juba aje kutia sahihi. Mota ya zamani ikafa katikati ya mavuno, wateja wakahamia mashine nyingine, na hao kuwarudisha ni kazi.

Najua sheria ilitoka wapi. Februari 2020 Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kuzuia fedha chafu, na kati ya yaliyodaiwa ni wamiliki halisi wa kampuni wajulikane. Bunge likarekebisha Sheria ya Kampuni mwaka 2022, kanuni zikafuata 2023, Februari 2024 tukatolewa kwenye orodha. Vizuri, na sitaki turudi huko. Anayeficha mali ya umma kwenye kampuni inayomilikiwa na kampuni nyingine ya ng'ambo asakwe mpaka apatikane. Lakini huyo ana mawakili, fomu yake itajazwa safi kabisa, pengine kwa jina la dereva wake. Anayenaswa ni mama yangu na herufi yake moja!

Tazameni Marekani, mmoja wa waanzilishi wa FATF. Sheria yao, Corporate Transparency Act, ilianza kutumika Januari 2024. Ilisamehe kampuni zenye wafanyakazi wa muda wote zaidi ya 20 na mauzo ya zaidi ya dola milioni 5 kwa mwaka, mzigo ukaachiwa wadogo, ambao serikali yao ilikadiria ni zaidi ya milioni 32. Kesi zikajaa mahakamani. Machi 2025 Wizara yao ya Fedha ikaziondolea wajibu huo kampuni zote zilizoundwa nchini mwao, ikabakiza za kigeni tu. Wao wamefuta karibu kila kitu. Mimi sidai hata nusu ya hayo.

Ninachodai ni hiki: kampuni ambayo wenye hisa wote ni watu, hakuna kampuni nyuma yao, hakuna anayemshikia mwingine hisa, na vitambulisho vyao viko kwenye usajili, isidaiwe ripoti ya pili. Benki isome daftari lililopo. Wenye kampuni juu ya kampuni ndio wajaze, na wakaguliwe kweli.

Nataka tuiandikie Kamati ya Bunge ya Sheria na Masuala ya Bunge. Mwenye kampuni ya familia aliyekwama, awe Busia, Bombo, Mbale au Kikuubo, aandike hapa chini alizuiwa wapi na ilimgharimu shilingi ngapi. Na kama kuna mwanasheria humu, atuambie ni kifungu kipi cha kanuni za 2023 tuanze nacho.