Boksi la umeme la kwenda nalo bichi na familia: betri gani, na friji ndogo inawezekana?

Mzazi wa Temeke

Wakuu, habari za jioni. Nataka kutengeneza boksi la umeme la kubeba kwa mkono, la kutumia familia ikienda ufukweni Kigamboni. Tuko watu sita, yumo bibi na mtoto wa mwaka mmoja. Tunafika saa tatu asubuhi, tunaondoka kama saa mbili usiku.

Vya kuendesha ni feni moja ya volti 12 ya wati 15 kwa ajili ya bibi na mtoto pale kivulini, simu nne, na taa ya LED ya wati 6 giza likiingia. Nafikiria pia friji ndogo ya volti 12, ile ya kuchomeka kwenye gari. Kulehemu kwa risasi na kutumia mita ya kupimia volti naweza. Nimepata seli za betri za laptopu zilizotumika, za bure. Je, zinafaa? Paneli ya sola ya wati 50 ni ya lazima? Au nichomeke tu vitu vyote kwenye betri ya gari, yaishe?

Fundi Waya

Mkuu, kabla ya kugusa betri piga hesabu ya wati-saa, maana hapo ndipo pesa ya wengi inapopotelea. Feni wati 15 kwa saa 7 ni wati-saa 105. Simu ya siku hizi yenye betri ya mAh 5000 ina kama wati-saa 19, na ukiweka upotevu wa kubadilisha volti utatoa kama 23 kuijaza kutoka sifuri. Hakuna anayefika bichi na simu nne zilizozima, kwa hiyo hesabu nusu kwa kila moja: 46. Taa wati 6 kwa saa 3 ni 18. Jumla 169. Acha asilimia 20 isiyoguswa, unahitaji betri ya kama wati-saa 211.

Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4, seli nne za Ah 20 (ampea-saa) zikiunganishwa mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya inayofuata), ni volti 12.8 mara 20, yaani wati-saa 256. Hiyo inakutosha na chenji inabaki. Uzito wake ni kilo mbili na nusu au tatu. Betri ya asidi na risasi ikitakiwa kufanya kazi hiyohiyo, ukizingatia kwamba si vizuri kuivuta chini ya nusu, lazima iwe kama Ah 28, na hiyo ni kilo nane na zaidi za kubeba mchangani.

Seli za laptopu zirudishe ulikozitoa. Betri ya laptopu ikifa, mara nyingi seli mbili tatu ndani yake zimeshuka chini ya volti 2 na zimekaa hivyo miezi. Shaba ya ndani huanza kuyeyuka na kujijenga upya mahali isipotakiwa, halafu siku unayoichaji inajipiga shoti yenyewe kwa ndani. Mita haikuonyeshi hilo. Seli inasoma volti 4.1 vizuri kabisa huku imeharibika. Aina hiyo ikishika moto haizimiki kirahisi, na wewe utaiweka karibu na mkeka wa mtoto. LiFePO4 nayo si kwamba haiwezi kuungua, lakini kemia yake inastahimili joto na makosa zaidi.

Sasa kuunganisha. Pima kila seli kwanza. Zikitofautiana zaidi ya volti 0.02, ziunge zote sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) na uzijaze pamoja hadi volti 3.65 kabla ya kuzipanga mfululizo. Katikati ya seli weka karatasi ngumu ya kuzuia umeme, kwa sababu ganda la alumini la seli nyingi za mraba lina volti juu yake na plastiki ya bluu inachubuka.

Bodi ya kulinda betri, yaani BMS, iwe ya seli 4 za LiFePO4, ampea 20 au 30. Angalia sana hapa: ya lithiamu ya kawaida inafanana nayo kwa sura, lakini inaruhusu seli kufika volti 4.2 na zaidi, na seli zako mwisho wake ni 3.65. Anza na waya mnene wa B- (unaokwenda hasi ya betri), halafu zile nyembamba za kusawazisha. Kabla ya kuchomeka soketi yake kwenye bodi, weka ncha hasi ya mita kwenye hasi ya betri na upime pini moja baada ya nyingine: usome takribani 3.3, 6.6, 9.9, 13.2. Namba ikiruka au ikijirudia, waya umeukosea mahali pake, na ukichomeka hivyo bodi inaungua palepale. Hasi ya chaja na ya vifaa vyote hutoka P- (hasi ya kutokea kwenye bodi), kamwe usiichukue moja kwa moja kwenye betri, maana utakuwa umeiruka bodi.

Fyuzi kuu ya ampea 15 ikae ndani ya sentimita 15 kutoka chanya ya betri. Ikikaa mbali, kipande chote cha waya kabla yake hakina ulinzi, na betri hii ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea. Waya kuu uwe wa milimita za mraba 2.5. Feni ipe fyuzi yake ya ampea 3, soketi ya USB ampea 5.

Chaja iwe ya LiFePO4 yenye kikomo cha volti 14.6. Ya ampea 5 inajaza kwa saa nne hivi. Chaja za betri za gari zenye hatua ya kusafisha betri kwa kupandisha volti usizitumie.

Kuhusu betri ya gari: ile imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kuivuta taratibu kutwa nzima kunaiua, na saa mbili usiku mko kwenye mchanga na gari haliwaki. Hapana.

Mama Barafu

Mzazi, achana na friji. Nafanya kazi ya vyakula vya kuhifadhiwa kwa ubaridi, nakupa hesabu yake.

Hizo friji ndogo za bei nafuu za kuchomeka kwenye gari hazina kompresa. Zina kipande cha kupoza kwa umeme kinachokula wati 40 hadi 60 mfululizo, bila kupumzika. Kwa saa kumi na moja ni wati-saa 500 na ushee, mara mbili ya betri nzima uliyopigiwa hesabu hapo juu. Na kwa joto la Dar inashusha nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya hewa ya nje, kwa hiyo soda zako zitakuwa za vuguvugu.

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto la wati-saa 93. Kilo sita ni karibu 560, bila waya wala fyuzi. Umeme huo umeshalipia nyumbani usiku friji ilipokuwa ikigandisha. Betri ya ubaridi ni deli, lile boksi la kutunza baridi.

Ila deli nalo lina ufundi wake. Vinywaji vipoze kwenye friji tangu jana yake. Lita kumi za maji na soda kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 5 zinakula zaidi ya kilo tatu za barafu peke yake, yaani nusu ya barafu yako imekwisha kabla hamjafika darajani. Gandisha maji ya kunywa kwenye chupa za lita moja na nusu, usizijaze hadi mdomoni maana barafu hutanuka. Bonge kubwa linayeyuka polepole kuliko vipande, na likiyeyuka mnakunywa. Vinywaji viwe na deli lao na chakula kiwe na lake, kwa sababu watoto watafungua la vinywaji kila baada ya dakika tano.

Pilau usiitie kwenye deli. Itoke jikoni ikiwa ya moto, iingie kwenye hotipoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto, ibaki juu ya nyuzi 60 na iliwe mchana. Wali uliokaa vuguvugu kwenye joto kama letu zaidi ya saa moja usimpe mtu, na kwa huyo wa mwaka mmoja na bibi ndiyo usijaribu kabisa. Kachumbari katakata hukohuko.

Mzazi wa Temeke

Asanteni sana. Friji nimeifuta. Fundi, hujanijibu habari ya paneli. Na je, nikiongeza inveta ndogo niendeshe blenda ya wati 350 ya juisi, dakika mbili mbili tu?

Fundi Waya

Paneli iache nyumbani. Betri inatosha siku nzima, na paneli ya wati 50 ufukweni haikupi 50. Ikilala bapa na kupata joto kwenye mchanga, na kontrola ya bei nafuu juu yake, tegemea wati 30 hadi 36 jua likiwa utosini. Kivuli cha kuti moja la mnazi kikikatiza seli chache, umeme wa paneli nzima unaanguka, maana seli zake zimeungwa mfululizo. Mtu atakuwa na kazi ya kuihamisha kila saa, na mchanga unaikwaruza. Mkilala kambini siku mbili, hapo ina maana.

Blenda: wati 350 kupitia inveta ni kama ampea 31 kutoka kwenye betri, na inapoanza kuzunguka inavuta mara mbili au tatu ya hapo. Fyuzi ya 15 inakatika na BMS ya 20 inazima. Ili uiweze lazima ubadilishe bodi, nyaya na fyuzi, kwa juisi ambayo ingesagwa nyumbani ikagandishwa. Mama Barafu atakwambia hata inasaidia deli.

Kitu kingine ambacho watu hawakitilii maanani: kile kioo kidogo cha kuonyesha volti. Kikila miliampea 20 mchana na usiku, ni karibu nusu Ah kwa siku, na betri ya Ah 20 inakwisha ndani ya wiki sita ikiwa kabatini. Weka swichi kuu kabla yake. Tena kwa LiFePO4 volti haikuambii mengi: betri iliyotulia inasoma 13.2 ikiwa imejaa kwa asilimia 70 na 13.0 ikiwa karibu 40. Nunua kipimo chenye shanti (kipande ambacho umeme wote hupitia ili upimwe) kinachohesabu Ah zinazotoka na kuingia. Ukiwa Kariakoo kutafuta vitu hivi beba mita yako. Pima seli dukani kabla ya kulipa, na ukatae iliyo chini ya volti 3.0 au iliyovimba.

Upepo wa Kusi

Nachangia upande wa bahari, kwa sababu boksi zuri linaharibiwa na chumvi kuliko matumizi.

Tumia boksi la plastiki la vifaa lenye mpira kwenye mfuniko. Soketi zote ziwe ubavuni, juu kidogo, zenye vifuniko vya mpira, zisiwe kwenye mfuniko ambako maji ya nguo za kuogelea yatadondokea. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Nati za betri ukishazikaza, paka mafuta ya mgando juu yake. Juu, baada ya kukaza, si katikati ya mguso. Mkirudi, futa boksi kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kisha kikavu, usiku uleule. Waya wa shaba ukianza kuwa kijani kwenye ncha, kata kipande hicho, kusugua hakusaidii.

Boksi lisibaki ndani ya gari lililofungwa juani. Humo joto hupita nyuzi 60 kirahisi, na seli hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya 45. Lisubiri lipoe ndipo uchomeke chaja.

Pa kuliweka: angalia mwezi kabla ya kuchagua siku. Siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu na siku mbili baada yake, kwa pwani yetu maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Maana yake mnafika saa tatu ufukwe ni mpana, mnatandika mkeka chini, na alasiri bahari inawafuata. Tofauti ya kina siku hizo inapita mita 3. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti ulioachwa na maji ya jana, mkae juu yake. Maji mafu, wiki moja baadaye, mambo yanageuka: yamejaa asubuhi, yanatoka mchana, na hayapandi sana. Kwa watoto wadogo maji mafu ni bora, mkondo wake ni mpole.

Mkiamua siku moja kwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo badala ya Kigamboni, boksi liingie kwenye mfuko usiopitisha maji, swichi kuu ikiwa imezimwa, likae katikati ya boti chini. Msimu wa kusi ondokeni mapema asubuhi kabla upepo haujakaza. Jaketi la kuokolea la mtoto mlijaribu kabla ya kupanda. La mtu mzima linamchomoka.

Na simu. Mahali mtandao ni dhaifu, simu inaongeza nguvu ya kutafuta mnara na betri inashuka hata ikiwa mfukoni. Moja ibaki hewani kwa dharura, tatu ziwekwe kwenye hali ya ndege. Kamera inafanya kazi vilevile. Hapo wati-saa 46 za Fundi zinabaki 20 hivi, na feni ya bibi inapata zaidi ya saa nzima ya ziada. Msichaji simu ikiwa juani, nyingi zikipata joto zinasitisha kuchaji zenyewe na mtadhani boksi limeharibika.

Mzazi wa Temeke

Nimeelewa. Kesho kutwa nashuka Kariakoo na mita. Seli nne za Ah 20, BMS ya ampea 30, waya wa 2.5, fyuzi 15, 5 na 3, kipimo chenye shanti. Fundi, hiyo soketi ya USB niunge kabla au baada ya shanti?

Fundi Waya

Baada. Shanti inakaa upande wa hasi, kati ya P- na kila kitu kingine, chaja ikiwemo. Chochote utakachokiunga kabla yake hakitahesabiwa, na kipimo kitakudanganya kwamba betri imejaa.