Kitabu cha safari za Karibiani: tununue au tuache?

Kutoka Coventry

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za baridi.

Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa Desemba hii, na tumedunduliza tupate safari moja ya maana. Tumechagua Karibiani: Barbados siku tano, kisha Grenada, na tukiweza tuvuke hadi Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi hiyo hiyo ya Grenada. Juzi dukani niliona kitabu cha mwongozo cha visiwa vyote vya huko, kinene kama tofali, na bei yake si haba. Mke wangu anasema simu inatosha. Mimi nimezoea karatasi, napenda kupiga mstari kwa kalamu. Waliokwisha kufika huko naomba mniambie ukweli: vitabu hivi vinaaminika, hasa kwa sisi tunaosafiri na pasipoti ya Tanzania?

Kutoka Leicester

Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana.

Nunueni, lakini kabla ya kulipa tazama mwaka wa toleo kwenye kurasa za mwanzo, kisha uhesabu mwaka mwingine nyuma, kwa sababu mwandishi alizunguka visiwani muda mrefu kabla kitabu hakijafika dukani. Sisi tulikwenda Barbados na Dominica Februari 2024 tukiwa na kitabu cha mtumba kilichochapwa 2017. Nawaeleza kilivyotufaa na kilivyotuumiza, maana nimeumia kweli.

Mume wangu na watoto wana pasipoti za Uingereza. Mimi bado natumia ya Kenya. Barbados na Dominica niliuliza balozi zao mapema nikaingia bila shida. Tukiwa Roseau, mji mkuu wa Dominica, watoto wakaona kitabuni kwamba kuna feri ya kwenda Guadeloupe, kama saa mbili tu baharini. Ukurasa wa viza ulisema raia wa Uingereza hawahitaji. Nikasoma haraka, nikaona Uingereza, nikajihesabu humo. Asubuhi tukapanga foleni na mabegi. Dada wa dirishani akachukua pasipoti tano, nne akazipitisha, ya tano akaifungua ukurasa baada ya ukurasa hadi mwisho, akarudi mwanzo, akaniuliza kwa upole: viza ya Ufaransa iko wapi, mama? Guadeloupe ni Ufaransa kamili, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo hata ile viza ya Schengen tunayoifahamu haikufikishi huko isipokuwa imeandikwa wazi kwamba inafaa kwa maeneo hayo. Mwanangu mdogo alikuwa ameshavaa miwani ya kuogelea. Tulirudi wote nyumba ya wageni, hakuna aliyetaka kuniacha.

Maneno ya kitabu yalikuwa sahihi kwa mume wangu, mimi hayakunihusu. Vitabu hivi huandikiwa Mwingereza au Mmarekani, na ukurasa wa viza unamwelekea yeye. Kwa hiyo huo urukeni kabisa, mwandikieni balozi wa kila kisiwa, mpate jibu kwa maandishi na mlichape mwende nalo.

Bei nazo msizishike. Kitabu chetu kilisema nauli ya basi Barbados ni dola 2 za huko. Tulikuta 3.50, ilipanda tangu 2019. Dominica ndiyo ilinisikitisha zaidi. Kitabu kilitoka kabla ya kimbunga Maria kuipiga nchi ile tarehe 18 Septemba 2017. Nyumba ya wageni iliyosifiwa kwa veranda yake tuliitafuta mlimani saa nzima, tukakuta ngazi za saruji zinapanda kwenda pasipo na kitu. Jirani alitupa maji ya kunywa, akatuonyesha kwa mkono veranda ilipokuwa.

Sasa mbona nasema nunueni? Kwa sababu ya yale yasiyobadilika, na yale ambayo hutatafuta kwenye simu kwa kuwa hujui kama yapo.

Tulikuwa ufukweni, upande wa magharibi wa Barbados, mvua ikashuka ghafla. Watoto wakakimbilia mti wenye kivuli kizuri, chini yake vitunda vya kijani kama tufaha dogo. Nikaona shina limezungushiwa rangi nyekundu, nikakumbuka nilichosoma kwenye ndege: mti unaitwa manchineel, utomvu wake unachoma ngozi, matone ya mvua yanayopita kwenye majani yake yanatoa malengelenge, na tunda lake ni sumu. Nilipiga kelele ambayo sijapata kuipiga tangu niwe mzazi. Wakatoka, hawakupata hata kipele. Simu yangu wakati huo ilikuwa ndani ya begi, imezimwa, nami nisingekuwa na sababu ya kuiuliza habari za mti. Kwa aya hiyo moja kitabu kilirudisha fedha yake yote.

Kingine ni salamu. Kiliandika kwamba ukipanda basi au ukiingia dukani unasalimu kwanza, ndipo useme shida yako. Sisi tuliolelewa pwani tunalijua hilo, lakini miaka kumi na minne ya Uingereza imenizoesha kwenda moja kwa moja kwenye jambo. Nilijirudi. Kule Roseau nilimsalimu mama mmoja sokoni aliyekuwa akichoma kitu juu ya makaa, ganda limekuwa jeusi tii. Akalipasua, mvuke ukatoka, nami harufu nikaijua kabla sijaona nyama yake nyeupe: shelisheli! Lile lile la kwetu. Tulizungumza nusu saa. Usiku nikalisoma kitabuni: Waingereza walilileta kwa meli kutoka Tahiti mwaka 1793, likateremshwa St Vincent na Jamaika ili liwe chakula cha bei ndogo cha watumwa. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu.

Na zile gari nyeupe zenye mstari wa rangi ya damu ya mzee huko Barbados, wanaziita ZR, ni matatu kabisa, muziki na kubanana. Vituo vimeandikwa kama basi linakwenda mjini au linatoka mjini. Hilo nalo tulilipata kitabuni, na bado ni kweli.

Kutoka Toronto

Hamjambo wote. Naongeza machache kwa huyu kijana wa Coventry.

Carriacou ilipigwa na kimbunga Beryl tarehe 1 Julai 2024, nyumba nyingi mno zikaharibika. Kitabu chochote kilichoandikwa kabla ya hapo hakikufai kwa malazi ya kisiwa kile. Pigeni simu, msikie sauti ya mtu, muulize paa lipo na maji yanatoka. Na msiache kwenda kwa sababu hiyo, wanahitaji wageni. Desemba msimu wa vimbunga umekwisha, huwa ni Juni hadi mwisho wa Novemba.

Tiketi ya bei nafuu mara nyingi inapita Miami. Marekani haina njia ya kupita uwanjani tu bila kuingia nchini. Hata ukibadilisha ndege kwa saa moja utapita uhamiaji, na pasipoti ya Tanzania itadaiwa viza. Kitabu hakitawaambia, kwa kuwa msomaji wake anajaza fomu ya mtandaoni anapita. Tafuteni ndege ya moja kwa moja kutoka London.

Kadi ya njano: mkienda nyumbani kabla ya hapo, au mkipita Nairobi au Entebbe, ibebeni. Matoleo ya zamani yanasema chanjo ya homa ya manjano hudumu miaka 10. Tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Mimi nilichanjwa mara ya pili bure kwa kuamini ukurasa wa zamani.

Fedha: Grenada wanatumia dola ya Karibiani Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na haijasogea tangu 1976. Barbados wana yao, mbili kwa moja. Ukitajiwa bei ya teksi, uliza ni dola gani kabla hujapanda. Na nguo za madoadoa ya kijeshi ziacheni Coventry, hata kofia ya mtoto. Barbados na Grenada ni kosa la jinai.

Kutoka Lyon

Jambo ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Bukavu. Pole sana dada wa Leicester, ile habari ya feri imenigusa.

Kwa wenzetu wa Ufaransa mambo ni tofauti: mwenye kibali cha kuishi cha Ufaransa anaingia Guadeloupe na Martinique bila viza. Mimi nilikwenda Martinique hivyo, na kitabu changu kilikuwa cha kisiwa kimoja tu, cha Kifaransa. Nashauri hivyo kwa kila mtu. Kile cha visiwa vyote kinakupa kurasa chache kwa kila nchi, na kitu cha kwanza kukatwa ni habari za watu. Changu kilinitembeza Saint-Pierre mtaa kwa mtaa, mji ulioteketezwa na mlima wa volkeno wa Pelée asubuhi ya tarehe 8 Mei 1902. Jela yenye kuta nene alimoponea mfungwa mmoja bado imesimama; niliingia ndani, nikagusa jiwe. Kwa habari kama hizo kitabu hata kikiwa cha miaka ishirini hakijachakaa.

Ila mwani wa sargassum hakikuutaja. Tangu 2011 unaletwa na bahari kwa wingi, hasa fukwe za upande wa Atlantiki, na ukioza unanuka vibaya. Kabla ya kulipia chumba cha ufukweni, omba picha ya wiki hiyo.

Kutoka Coventry

Asanteni sana, wakubwa. Nimemsomea mke wangu yote kwa sauti, na habari ya ule mti amenirudisha niisome tena.

Tiketi tuliyokuwa tumeiweka inapita Miami. Nilikuwa nilipie kesho. Nimeifuta. Usiku huu naandika barua kwa ubalozi wa Barbados na wa Grenada, na kitabu nitanunua cha Grenada peke yake, toleo la baada ya Beryl kama lipo. Dada wa Leicester, hicho cha 2017 ukiwa bado nacho naomba nije Jumamosi kukiazima kwa ajili ya Barbados. Nitakuja na mke wangu, anataka kuuona mchoro wa majani.